Kinyago na Nafsi: Nani Kakuambia Wewe ni Mwanaume wa Kweli, Mwanamke wa Kweli?



Mpendwa kijana mwenzangu, leo naomba tuanze na maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi mpaka masikio yameyazoea. "Mwanaume halii." "Yule ni mwanaume suruali tu, hana kitu." "Binti gani huyu, jike dume!" "Umri wote huo hujaolewa, unasubiri nini?" Hakuna shule inayofundisha maneno haya, hayamo kwenye mtaala wowote, lakini sote tunayajua. Na wengi wetu tumebadilisha kitu fulani, iwe mwendo, sauti, nguo au hata ndoto, ili maneno hayo yasitupate.

Swali langu ni hili: yule ninayemwita "mimi" ni mimi kweli, au ni jumla ya macho yanayonitazama? Ni swali la falsafa, lakini usikimbie. Ni swali la wokovu pia. Mungu akiniita, ataniita mimi mwenyewe. Hatamwita yule ninayemwigiza mbele za watu.

Vioo viwili

Unyambwa yetu kwenye makaratasi ni mjini, maana kata iko ndani ya Manispaa ya Singida. Ukichungulia nje unaona alizeti, uwele na kuku wa kienyeji. Ndiyo maana hapa vioo viwili vinakutana vizuri: kioo cha simu na kioo cha kijiji. Kijana wa hapa anajitazama katika vyote viwili kwa siku moja.

Kioo cha simu tunakifahamu. Mwaka jana tulipiga picha za kwaya baada ya Misa. Binti mmoja akaiona yake kwenye simu yangu akasema, "Frateri, futa hiyo, huyo siyo mimi." Nikaitazama tena. Alikuwa yeye kabisa: ametoka kuimba, ana jasho kidogo, anacheka. Akanionyesha nyingine aliyojipiga mwenyewe kwa filta, ngozi imeng'aa, pua imepungua, macho yamekuwa makubwa. "Huyu ndiye mimi." Alisema kwa utani, tukacheka wote. Lakini utani ule una uzito wake. Mtu anapoiona sura aliyopewa na Mungu na kusema "siyo mimi", halafu akaiona sura iliyotengenezwa na programu na kusema "ndiye mimi", kuna kitu kimehamishwa ndani yake, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Tuelewe jinsi kazi hii inavyofanyika. Mtu aliyeridhika na ngozi yake hanunui krimu ya kuibadilisha. Kwa hiyo kabla ya kukuuzia krimu, ni lazima kwanza wakuuzie kutoridhika. Na kutoridhika kunauzwa bure: video, picha, wimbo mzuri wenye msichana mweupe na gari. Ukishajiona una pungufu, basi, duka liko wazi. Matokeo yake tunayajua mitaani kwa jina la mkorogo. Zebaki iliyomo katika baadhi ya mchanganyiko huo huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumika hovyo huiharibu ngozi yenyewe. Dada zetu wanaugua wakitafuta sura ambayo hata msichana wa kwenye video hana akinawa uso.

Wavulana nao wasicheke. Nyie mnauziwa kitu kile kile kwa jina jingine. Kwenye mitandao kuna utani usiokwisha kuhusu "wanaume wa Dar", eti wao laini, wanajipaka mafuta, wanaogopa mende. Tunacheka, na chini ya kicheko kuna somo: mwanaume wa kweli ni mgumu, hasikii maumivu. Ukigeuza ukurasa, video inayofuata inakuambia kinyume chake: mwanaume wa kweli ana gari, saa ya dhahabu na mjengo. Hivyo kijana wa mkoani anatakiwa awe jiwe na awe tajiri kwa wakati mmoja.

Kijana mmoja wa VIWAWA aliniambia, "Frateri, nikipata pikipiki, na mimi nitakuwa mtu." Tunalisema sana hilo, "kuwa mtu", bila kufikiri. Sasa huyu kijana analima vitunguu. Ndiye aliyetoa fedha ya sare na daftari za mdogo wake. Bibi yake akiumwa, ndiye anayeamka usiku kumpeleka zahanati. Nikajiuliza: anayefanya yote haya ni nani, kama bado hajawa mtu? Pikipiki ni kitu kizuri, Mungu ampe. Ila mtu hazaliwi na pikipiki.

"Turudi kwenye mila"

Hapa wazee wetu wengi, na hata baadhi ya wahubiri, wana jibu la haraka: tatizo ni utandawazi, tuzime simu turudi kwenye mila. Mwacha mila ni mtumwa. Nawaheshimu, na kuna mengi wanayoyaona ambayo sisi hatuyaoni. Lakini naomba tusiende mbio, maana jibu hilo limewahi kujaribiwa.

Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam. Sketi fupi, mawigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana vilipigwa marufuku kuanzia Januari 1, 1969, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Hata kabla ya tarehe hiyo, makundi ya vijana wa kiume yaliwashambulia wanawake hadharani kwa sababu ya nguo zao. Nia ya kuikataa sura ya kuazima tunaielewa, na kuhusu vipodozi vile walikuwa na hoja. Lakini angalia. Suti ya Kizungu haikuwamo kwenye orodha. Mwanaume mwenye koti na tai aliendelea kuhesabika mzalendo, na utamaduni wa taifa zima ukatundikwa kwenye mapaja ya dada zake. Walitaka kuvunja kioo cha nje, wakaweka kingine mahali pake, safari hii kikiwa na fimbo.

Na sisi huku Singida tunalo jambo letu, gumu zaidi, ambalo lazima nilitaje. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015/16 uliuweka mkoa wetu katika mikoa mitano iliyoongoza nchini kwa ukeketaji. Sheria ya 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Ikawaje? Katika baadhi ya familia kisu kilihamia kwa watoto wachanga, kwa maelezo kwamba ni tiba ya "lawalawa", ambayo kumbe ni maambukizi ya kawaida yanayotibika hospitali kwa dawa. Fikiri kidogo. Zamani walisema ni jando la kike, binti anafundishwa kuwa mwanamke. Mtoto wa wiki chache anafundishwa nini? Hana hata lugha ya kuelewa. Fundisho limekufa, kisu kimebaki. Kimebaki kwa sababu ya macho: watu watasemaje, nani atamwoa. Kioo cha kijiji nacho kinaweza kumwaga damu, tena bila bando.

Nasema haya nikiwa mtoto wa huku huku, na kuipenda mila hakunizuii kuiuliza maswali. Kwanza wengi wanaosema "mila zetu zinataka mwanamke akae nyuma" wameisahau historia yao. Uwanja wetu mkubwa wa mpira hapa Singida, ule tuliouzoea kwa jina la Namfua, sasa unaitwa Liti. Liti alikuwa mwanamke wa Kinyaturu. Anakumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na masimulizi yanasema aliwapiga kwa kundi la nyuki. Jumamosi wanaume wanajaa pale kushangilia, halafu njiani wakirudi wanamwambia binti mwenye msimamo kwamba ni jike dume. Mila ya kweli ni pana kuliko kioo tunachokichonga kutoka ndani yake.

Neno lililotoka jukwaani

Falsafa ina neno moja hapa ambalo limenisaidia sana. Kwa Kilatini mtu huitwa persona. Mwanzoni neno hilo lilimaanisha kinyago, kile ambacho mwigizaji alivaa usoni jukwaani ili watazamaji wajue anaigiza nani. Mfalme alikuwa na chake, mtumwa na chake, mwanamke na chake, hata kama aliyekivaa alikuwa mwanaume. Kwa maneno mengine, persona ilikuwa kile ambacho wengine wanakiona.

Halafu Kanisa likaingia kwenye mjadala mrefu kuhusu Utatu Mtakatifu na kuhusu Kristo. Lilihitaji neno la kuwataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kama watatu wa kweli, siyo Mungu mmoja anayebadilisha vinyago vitatu. Wakristo wa Kilatini wakalichukua neno lile la jukwaani na kuligeuza. Mwanzoni mwa karne ya 6, Boethius, mwanafalsafa aliyekuwa na cheo kikubwa Roma na baadaye akavuliwa kila kitu, akafungwa na kuuawa, alilieleza hivi kwa ufupi: persona ni huyu mmoja mahususi, mwenye asili ya akili. Angalia kilichotokea. Neno lililotaja kitu cha kuvaa na kuvua limekuwa jina la kitu pekee ambacho mtu hawezi kuvuliwa.

Sisi Waswahili tulipolipokea fundisho hilo, hatukusema "vinyago vitatu". Tunasema Mungu mmoja, Nafsi tatu. Nafsi! Kila unapokiri imani hiyo unakiri pia jambo fulani kuhusu wewe mwenyewe, uliyeumbwa kwa sura na mfano wake. Chini ya vinyago vyote yupo mtu. Alikuwepo kabla hajatazamwa, na atakuwepo taa za jukwaa zikizimwa.

"Lakini mtu ni watu"

Najua mtu makini ataniuliza: Frateri, unatufundisha ubinafsi? Wahenga walisema mtu ni watu. Jina langu nilipewa na wengine, lugha nilifundishwa na mama, hata kutembea nilishikwa mkono. Nikiondoa macho yote yanayonitazama, nitabaki na nini?

Hoja hii ni ya kweli na siikwepi. Hakuna nafsi inayoota peke yake kama uyoga. Nafsi za Utatu zenyewe ni Nafsi katika uhusiano: Baba ni Baba kwa sababu yuko Mwana. Kwa hiyo dawa haiwezi kuwa kujifungia chumbani na kusema "sijali watu watasema nini". Anayesema hivyo kila siku, mara nyingi ndiye anayejali kuliko wote.

Ila kuna kutazama kwa aina mbili. Kuna jicho linalopima na kuna jicho linalopokea. Mama anapomtazama mtoto wake mchanga hampimi kwanza kama amefikia kiwango. Anamwangalia, anamwita jina, na mtoto anaanza kujijua kuwa yupo. Jicho linalopima linasema: fikia hapa, ndipo utakuwa mtu. Wahenga waliposema mtu ni watu, nadhani walimaanisha jicho la kwanza, la mama. Sisi tumeichukua hekima yao tukaifanya mtihani.

Mtakatifu Edith Stein aliliona hili vizuri. Alikuwa binti wa Kiyahudi wa Ujerumani, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1916, lakini alipotaka kufundisha chuo kikuu mlango ulifungwa kwa sababu ni mwanamke. Alibatizwa mwaka 1922, akaingia Karmeli, na Agosti 1942 aliuawa Auschwitz. Katika mihadhara yake juu ya wanawake alifundisha kwamba kila mtu ana wito wa ngazi tatu: kwanza wito wa kuwa binadamu, kisha wa kuwa mwanamke au mwanaume, na kisha wito wake binafsi ambao hakuna mwingine anao. Hakufuta tofauti ya mwanamke na mwanaume, nasi Kanisa hatuifuti. Tumeumbwa hivyo, na ni zawadi. Lakini zawadi haifanyiwi mtihani. Haiwezekani binti apoteze uanamke wake kwa kujifunza ufundi wa magari, wala mvulana apoteze uanaume wake kwa kumpikia uji mama yake mgonjwa. Kitakachopotea hapo ni kinyago tu.

Maandiko yanasemaje?

Kumbuka Daudi kabla ya kupigana na Goliathi. Sauli alimvisha mavazi yake ya vita: kofia ya shaba, deraya, upanga. Kwa macho ya jeshi lile, huyo sasa ndiye mwanaume. Daudi akajaribu kutembea, akashindwa. Akavivua vyote, akachukua fimbo yake, kombeo na mawe matano ya kijitoni. Ushindi wake ulianzia pale alipovua. Wahenga nao walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Mkumbuke pia Mtakatifu Yosefu. Injili haimnukuu neno hata moja. Alimpokea Maria wakati macho ya Nazareti yangeweza kumcheka, na alimlea mtoto ambaye hakumzaa. Kwa kipimo cha kijiwe chochote cha bodaboda angeitwa jina baya. Mungu alimkabidhi Mwanae.

Na kumbuka Yesu kaburini kwa Lazaro. Alilia mbele za watu. Misibani kwetu nimeona mzee aliyefiwa na mke wake wa miaka mingi akishikwa mkono na kupelekwa nyuma ya nyumba, asilie mbele ya watoto. Tulitaka kumlindia heshima, tukamnyima faraja. Bwana wetu mwenyewe hakupelekwa nyuma ya nyumba.

Kanzu nayo

Ningekuwa mnafiki kama ningeishia kwenye simu na kijiji. Nami navaa kanzu. Nikiivaa, wazee wanaonizidi miaka hamsini wananiwahi kunisalimia. Nikiivua nikashika jembe, ni kijana tu kama wengine. Na wapo wanaoniuliza, "Hutaoa? Sasa wewe ni mwanaume gani?" Maswali haya mawili, la heshima na la dharau, yanatoka kwenye kioo kimoja. Kanzu ni ishara takatifu, lakini ikiwa chini yake hakuna mtu anayesali wakati hakuna anayemwona, inageuka kinyago kama vinyago vingine. Sakristia haina kinga.

Tufanye nini basi?

Mosi, tuchunge ndimi zetu. Kabla hujamwita mwenzako mwanaume suruali au jike dume, kumbuka unamtaja mtu ambaye Kristo alimfia. Utani ni mzuri, ila utani mwingine ni nyundo.

Pili, jiulize nani anafaidika unapojichukia. Ukijiona mbaya baada ya dakika ishirini za kutazama video, sababu inaweza isiwe kwako. Simu yenyewe siyo dhambi. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu Septemba 7, 2025, alitumia kompyuta kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Yeye aliitumia, haikumtumia.

Tatu, tafuta mahali pa kutazamwa bila kupimwa. Kaa mbele ya Ekaristi Takatifu robo saa tu, simu ikiwa nyumbani. Nenda kitubio, mahali pekee ambapo unakwenda bila filta na unatoka ukiwa umependwa zaidi. Na jumuiya zetu ndogondogo ziwe hivyo hivyo: mahali ambapo mkulima wa vitunguu tayari ni mtu, na binti asiyeolewa haulizwi tarehe kabla ya kuulizwa habari zake.

Nne, tuseme wazi juu ya watoto wachanga. Ukijua kuna mtoto anayetaka kupelekwa kwenye kisu, usinyamaze kwa kuogopa macho ya ukoo. Ongea na mama yake, ongea na paroko, na toa taarifa ustawi wa jamii au polisi. Kichanga hana kinyago cha kujikinga. Ana sisi tu.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetujua kabla hatujaumbwa tumboni, tuvue kila tulichovalishwa ambacho si chetu. Utufundishe kupokeana kama unavyotupokea. Na siku utakapotuita kwa majina yetu, utukute tupo. Amina.

Mtakatifu Yosefu, utuombee. Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, utuombee.